Jina la Kwanza kati ya Saba

Nimeandika programu za mabenki hapa Bishkek, mji mkuu wetu Wakirgizi, kwa miaka kumi na minane, na mdogo wangu Emilbek alikuwa akinicheka. "Dada, wewe mpishi hodari, ila hujui moto unawashwaje." Yeye alisoma asembli, ile lugha iliyo karibu kabisa na mashine, kama watu wanavyosoma gazeti. Mimi nilimwonea wivu, na sikumwambia.

Alikufa mwezi wa pili, gari lilipoteleza kwenye barafu. Kwenye kompyuta yake ikabaki programu moja aliyoiita Sanjyra, yaani nasaba ya ukoo. Ukiifungua inasema tu: "Andika baba zako saba."

Baba yetu, mzee Sagyn, alitaka ifunguliwe kabla ya karamu ya kutimiza mwaka wa msiba, siku ya kuchinja farasi na kutaja alichoacha marehemu.

"Mwanangu hakuoa, hakuzaa. Nitasimama mbele ya watu niseme nini? Nitafutie chochote, binti yangu."

Mkirgizi gani asiyejua baba zake saba, kuanzia baba na babu mpaka kizazi cha saba? Niliandika Sagyn, Tolon, Osmon, mpaka wa saba. Ikakataa. Nikabadili tahajia. Ikakataa.

Basi nikawa mwanafunzi, na mvi zangu. Nilitafuta chombo kinachoonyesha maagizo ya mashine moja moja, nikaona aibu. Kwangu mimi "jina likikosewa, kataa" ni mstari mmoja. Huku ni maagizo thelathini: chukua herufi, ifumbue, ilinganishe, zikitofautiana ruka kule. Nilipoteza juma zima kwenye kipande ambacho hata hakikuandikwa na Emilbek, kiliwekwa na kompyuta yenyewe. Nilipojua kidogo nikajiona fundi. Nikachukua nakala, nikalibadili lile agizo la kuruka ili ikubali jina lolote. Ikakubali, na ndani nikakuta takataka tupu. Majina yenyewe ndiyo yaliyokuwa ufunguo wa kusomea.

"Mshenzi wee," nilimwambia Emilbek kwa sauti, kisha nikalia.

Mwezi wa nne wa kusoma ndipo niliweza kuisimamisha programu katikati ya kulinganisha na kuona inasubiri nini. Ilisubiri herufi E. Nikadhani nimekosea, maana hakuna baba yetu anayeanza na E. Nikaiacha isonge mbele herufi moja moja, jina likajikamilisha: Emilbek. La pili lilikuwa Sagyn.

Nilikuwa nimehesabu kama dada yake. Programu ilihesabu kama mtoto wa Emilbek.

Niliandika majina kwa mpangilio huo. Ikatokea picha ya mtoto mchanga, namba ya simu, na maneno haya: "Meerim, binti yangu, mama yako ameniomba nisubiri mpaka ukue. Alikuja kwetu akarudishwa mlangoni. Ukijua kuhesabu, utajua wewe ni wa nani."

Aliyemrudisha ni mimi. Alikuwa Zuura, mwanamke aliyeachika, aliyemzidi Emilbek miaka mitano. Emilbek alikuwa safarini. Nilimwambia, "Nyumba hii haili makombo," nikafunga mlango. Kumbe alikuwa na mimba. Na Emilbek alijua nilichofanya, akaendelea kula mezani kwangu na kunitania miaka yote hiyo.

Asubuhi nikapiga simu.

"Zuura, mimi ni dada yake Emilbek."

"Nimekujua. Sauti ni ile ile."

"Emilbek amefariki."

"Nilisikia. Nililia peke yangu."

"Na mtoto?"

"Yupo darasa la kwanza. Juzi alitaja baba zake saba mbele ya shule nzima. Hakukosea hata mmoja."

"Baba wepi, Zuura?"

"Wa mume wangu wa sasa. Ndiye baba anayemjua. Usije ukamvuruga mwanangu, dada. Mlango uliufunga wewe mwenyewe."

Jioni Baba aliniuliza, "Umepata?"

Ningeweza kusema nilimlinda mtoto, na ni kweli. Lakini nilijilinda na mimi. Nisingeweza kutaja jina la Meerim bila kuutaja ule mlango.

"Ilikuwa tupu, Baba."

Siku ya karamu, farasi akiwa ameshachinjwa na watu wameketi, mzee alisimama kwa kushikilia bega langu. "Mwanangu hakuacha kitu," alisema. Watu wakainua mikono kuomba dua. Nami nikainua yangu.