Futi ya Pili

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alitoa futi mfukoni mbele ya mteja na kukipima upya kioo nilichokwisha kukipima mimi. Aliikunjua juu ya meza, akainama, akatikisa kichwa kama mkaguzi aliyeridhika.

"Sawa," akasema. "Kata."

Nilichukua almasi yangu ya kukatia vioo, nikakata, kwa kuwa mteja hakuwa na kosa. Duka lile la vioo lilikuwa letu sote wawili: yeye alitoa mtaji, mimi nilitoa ufundi. Kwa miezi mingi tulikuwa tukigombana humo, mara kwa sababu ya ufagio, mara kwa sababu ya redio yake, mara kwa sababu ya chai iliyopoa.

Dada ndiye aliyenifumbua macho, jioni ileile, akikunja nguo sebuleni kwake.

"Kaka, kwani wewe ndiwe wa kwanza? Mimi nikifunga mlango, anaamka kwenda kuutikisa. Nikitia chumvi, anaonja, anaongeza. Miaka yote hii nikidhani tunagombania chumvi!"

Tulicheka, kisha kicheko kikatukauka midomoni. Ufagio na redio vilikuwa visingizio. Kilichoniwasha ni kusahihishwa kabla sijakosea, tena mbele ya watu.

Nimelelewa katika shule ya bweni, na huko tulifunzwa kwamba mtu humweleza mwenzake usoni, wakiwa wawili, kabla ya kuchukua hatua yoyote. Asubuhi, kabla hatujafungua milango, nikamweleza.

"Shemeji, ukiwa na shaka na kipimo changu, niite pembeni. Ukipima tena nyuma yangu mbele ya mteja, natoka, na sirudi."

"Eti nini? Kisa futi? Nahakikisha tu, bwana. Kioo ni ghali."

"Tangu tufungue duka, nimekosea kioo kipi?"

Akakuna shingo. "Hakuna."

"Basi unachohakikisha ni mimi."

"Haya, mkubwa, yameisha," akasema, akicheka.

Hayakuisha. Kabla ya adhuhuri aliingia seremala akitaka kioo cha kabati. Nikapima, nikatia alama. Mkono wa shemeji ukaelekea mfukoni. Nikamkazia macho ili akumbuke. Naye akanitazama, akatabasamu, akaitoa futi.

Sikupaza sauti. Nilivua aproni, nikaikunja, nikaiweka juu ya kioo kile, nikaichukua almasi yangu.

"Acha utoto, shemeji! Mteja anasubiri!"

"Kipimo unacho."

"Mimi sijui kukata, na unajua!"

"Hata wewe ulijua, ulipoingiza mkono mfukoni."

Seremala akajikohoza na kuanza kuchunguza dari. Shemeji akanifuata mlangoni, akanishika mkono, sauti imemshuka.

"Dada yako nitamwambia nini?"

"Usimwambie. Muulize habari za mlango na chumvi. Ila leo mngoje amalize kujibu."

Nikajinasua. Nyuma yangu seremala, uvumilivu umemwisha, akauliza, "Sasa jamani, nani ananikatia?"

Nilivuka barabara, na sikugeuka.