Meza ya Dirishani

"Hodi, hodi! Nifungulieni jamani, mikono yangu ina mgeni!"

Mama Boksi alikuwa amelipakata boksi lake kifuani, akiugonga mlango kwa goti. Mlango wa chumba cha manunuzi cha maktaba ya chuo ulifunguliwa, na aliyesimama pale hakuwa mkutubi. Alikuwa binti yake mwenyewe, amevaa suti ya kijivu na viatu vya visigino virefu, kitambulisho cha kampuni ya uchapishaji kikining'inia shingoni.

"Shikamoo, mama," alisema binti, macho yake yakiwa kwenye boksi.

"Marahaba. Na wewe hapa umefuata nini?"

Binti alishika upande mmoja wa boksi, wakalibeba wote wawili mpaka kwenye meza ya dirishani, kama walivyokuwa wakilibeba enzi zile binti alipokuwa hata meno hayajamaliza kung'oka. Mama Boksi akaanza kupanga vitabu. Kazi hiyo mikono yake iliifanya yenyewe, hata siku ambayo kichwa kilikuwa kwingine.

Meza hiyo ilikuwa ndefu, ya mbao nzito, na ilikuwa na desturi yake. Kila mwanzo wa mwezi wachapishaji walimkabidhi Mama Boksi vitabu vyao vipya, naye akavileta hapa na kuvilaza chali, majalada yakitazama juu, vikae wiki nzima. Wahadhiri walipita, wakafunua, wakasoma wima wakiwa wamesahau vikombe vyao vya chai. Kilichopendwa kilibaki maktabani. Kisichopendwa kilirudi kwa mwenyewe bila kinyongo. Wachapishaji walimwamini yeye, yeye aliiamini maktaba, na maktaba iliziamini pua za wahadhiri wake, maana wengine walikinusa kitabu kabla ya kukifungua.

Aliyekipenda kitabu alikilaza kifudifudi. Hicho hakikuguswa tena na mtu.

Sheria hiyo haikupitishwa na kikao chochote. Ilizaliwa na kosa. Katika mwezi wake wa kwanza wa biashara, Mama Boksi, wakati huo msichana mwembamba mwenye sauti ya kuazima, aligundua kuwa jalada la kitabu kimoja limechanika njiani. Kwa aibu akakigeuza uso chini. Akaja mhadhiri mmoja mrefu aliyeitwa Profesa Twiga, akaviruka vyote vilivyolala chali vikimtazama, akakiinamia kile kimoja. "Hiki nani amekiwahi?" akauliza. Msichana ulimi ukamganda. Mchana Profesa Twiga alirudi na mwenzake, kila mmoja akiapa kwamba hawezi kufundisha bila kitabu kile, na ilibaki kidogo washikane mashati. Binadamu bwana! Cha mwenzake ndicho kitamu. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo lugha ya meza.

Na chini ya meza kulikuwa na mtoto. Akitoka shule, binti alijiingiza humo na madaftari yake na kalamu za rangi, akawajua maprofesa kwa viatu vyao kabla ya kuwajua kwa nyuso. Akichoka alilala juu ya karatasi za kufungia vitabu, na juu yake wakubwa waliendelea kufunua kurasa taratibu wasije wakamwamsha.

Siku hizo zilikuwa tamu, na Mama Boksi hakuona sababu ya kujifanya hazikuwa hivyo. Lakini zilikuwa zimekwisha kuchuja. Profesa Twiga alishastaafu. Wachapishaji mmoja mmoja walikuwa wameacha kumpa vitabu, wengine kwa maneno matamu, wengine kwa kutopokea simu. Miezi mingine aliondoka na boksi kama alivyokuja nalo. Kampuni iliyobaki ilikuwa moja, na binti yake alipopata kazi humo, mama alitangaza mtaa mzima: "Sasa tuna mtu wetu kisimani!" Muuza vitabu mwenzake, ambaye duka lake limekuwa la chaja na vifuniko vya simu, alimwambia, "Angalia, kikulacho ki nguoni mwako." Mama Boksi alicheka. Alimwona ana wivu.

Mkutubi aliingia na miwani yake kichwani, akavuta viti. Yeye na Mama Boksi walikuwa wakiitana dada tangu walipokuwa wote hawana mvi.

"Nimewaita siku moja makusudi," alisema. "Sikutaka jambo hili ulisikie kwa watu. Haya binti, mweleze mama yako ulichonieleza mimi."

Binti alikohoa, akaanza kwa sauti ya ofisini. Maktaba ikisaini, vitabu vyote vya kampuni vitafunguka mtandaoni. Darasa zima litasoma kitabu kimoja kwa wakati mmoja, hata aliye nyumbani, hata aliye kitandani na homa.

"Na boksi?" aliuliza Mama Boksi.

Sauti ya ofisini ikakatika. "Hakutakuwa na boksi, mama. Kampuni itauza kwa maktaba moja kwa moja. Wauza vitabu hawatapewa tena vya kuonyesha."

Nje mtu alipita akiburuta ndala.

"Dada," alisema mkutubi, "nastaafu mwisho wa muhula. Saini bado ni yangu. Ukiniambia nisubiri, nitasubiri, meza itakaa, na atakayenirithi ataamua mwenyewe. Wewe siwezi kukutoa hapa kwa kalamu. Siwezi."

Mama Boksi akamgeukia binti yake. "Na wewe, akisubiri?"

"Niko kwenye majaribio. Huu ndio mkataba wangu wa kwanza." Alikuwa anazungusha kitambulisho chake. "Mwezi huu wenzangu wawili wamerudi mikono mitupu. Hawapo tena kazini."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kila nikifungua mdomo, nakukuta unanisifia kwa majirani."

Hasira zilimpanda Mama Boksi, na zilikuwa hasira za kweli. Aliikasirikia kampuni, akamkasirikia mkutubi kwa kumtwika mzigo huu na kuuita heshima. Kidogo alimkasirikia na mtoto. Akavuta kiti.

"Hebu nionyeshe hicho kitu chako."

Binti akawasha tableti. Jalada likatokea, kubwa, linang'aa, halina mkwaruzo. Mama Boksi alilisogeza puani.

"Hakinuki."

"Mama!"

"Nasema tu. Na mtu akikipenda, anakilazaje?"

"Anabonyeza hapa, kinawekewa alama."

"Wenzake wanaiona alama?"

"Hapana. Kila mtu anaona ya kwake."

"Kwa hiyo hakuna wa kugombana naye," alisema Mama Boksi. "Maskini Twiga, angekosa raha."

Mkutubi alicheka akifuta macho. Mama Boksi aliinuka kwenda mlangoni. Kutoka pale ukumbi wa kusomea ulionekana wote. Aliutazama muda mrefu. Rafu zilisimama peke yake, lakini viti vilikuwa vimejaa, kila kichwa kimeinamia mwanga wake mdogo, na msichana mmoja alikuwa anasoma huku midomo ikimcheza, amesahau kikombe chake cha chai. Hilo ndilo lililomuuma zaidi ya yote. Alikuja akitumaini kuukuta ukumbi mtupu.

Akarudi mezani. Alisogeza vitabu viwili vilivyolala chali, akapata nafasi katikati yao. Kisha akaichukua tableti ya binti yake, akaizima, akailaza kifudifudi.

Binti alikuwa anaijua lugha ile kabla hajajua kusoma. Alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, mabega yakaanza kutikisika.

"Usinililie hapa, utalowesha mali ya watu," alisema mama yake. "Dada, kalamu unayo?"

"Ninayo," alijibu mkutubi kwa taabu. "Lakini boksi likae wiki yake."

Likakaa wiki yake. Mama Boksi aliporudi kulichukua, binti alikuja naye. Vitabu vilikuwa chali vyote. Mama alivirudisha ndani kimoja kimoja, bila haraka, akikifuta kila kimoja kwa upindo wa khanga ingawa havikuwa na vumbi.

Mhudumu wa maktaba, kijana aliyeajiriwa majuzi, alikuwa anasubiri kuitoa meza, maana kompyuta zilikuwa zimefika na mahali pao palikuwa dirishani. Alipima mlango kwa macho, akatikisa kichwa.

"Hivi haipiti. Tuigeuze."

Wakaigeuza wote, miguu ikaelekea darini.

Upande wa chini ulikuwa umejaa viatu. Vilichorwa kwa kalamu za rangi, jozi kwa jozi. Vilikuwapo vya kahawia vilivyopinda visigino, na virefu mno vyenye kamba zinazofika pembeni, ambavyo havikuweza kuwa vya mtu mwingine ila Twiga. Katikati palikuwa na boksi kubwa la manjano lenye miguu miwili myembamba, linatembea.

Mama Boksi alichuchumaa, akaligusa kwa kidole. Rangi ilikuwa bado imeshika.

"Hii naipeleka stoo," alisema mhudumu, "au kuna anayeitaka?"

"Wewe kijana," alisema Mama Boksi bila kuinua uso, "kwani huoni imelala kifudifudi?"

Mhudumu hakuelewa. Alibaki ameshika mguu mmoja wa meza, akimtazama huyu na yule. Binti alivua viatu vyake vya visigino, akaviweka ndani ya boksi juu ya vitabu, akaenda pekupeku kushika upande wa pili.