Hodi Mlangoni kwa Mvuke

Bega la kulia la Bi Rahabu liligoma wiki ile ile ya mashindano ya kwaya, kama ng'ombe anayelala njiani akiuona mlima. Mkono ulipanda mpaka kifuani, ukakataa. Na mwongoza kwaya asiyeinua mkono ni kama jogoo asiyewika: kilichobaki ni mchuzi. Mwenye sufuria naye alikuwepo tayari. Loveness, msaidizi wake, alimjulia hali kila siku kwa huruma iliyozidi kipimo.

"Mama, bega vipi? Likikataa usijitese. Mimi nipo."

"Najua upo," Bi Rahabu alijibu. "Hata usiposema, unaonekana."

Basi Jumamosi, siku moja kabla ya kwaya kwenda kuimba Mlalo, akapanda hadi jimu ya hoteli moja pale juu ya mji wa Lushoto, yenye chumba cha mvuke. Ilikuwa zamu ya wanawake. Mwanamisi, mhudumu, akamwamkia, akamwonya: "Bibi, mlango usikae wazi. Joto likitoka, kulirudisha ni kazi. Na jioni nazima mtambo."

Bi Rahabu akajifunga khanga, akaketi. Mvuke ukamlamba shingo. Bega likaanza kusinzia.

"Hodi!"

Mlango wazi, mguu mmoja nje. Alikuwa Sesilia, muuza karoti wa Gare. Na kweli, mtu utaingiaje kwa watu waliovua nguo bila kukaribishwa? Ila baridi ya Lushoto haikupiga hodi. Iliingia.

"Karibu! Ingia, funga!"

"Shikamoo mama. Moshi huu, sikuoni. Ni nani?"

"Marahaba. Funga!"

"Aa, Bi Rahabu! Nyumbani hawajambo? Na yule ng'ombe alizaa?"

Ng'ombe alizaa. Mvuke ukatoka kumtazama ndama. Ulipoanza tu kurudi, hodi nyingine: Bi Tatu, rika la Bi Rahabu. "Onga mshi!" akasalimu kwa Kishambaa, mlango ameuzuia kwa nyonga, akaulizia ukoo mzima, waliokufa nao hakuwasahau. Kisha wote wawili walipotoka, wakaaga mlangoni kama wanaokwenda Ulaya.

Bi Rahabu akabaki peke yake, meno ameyauma. Akaapa: atakayekuja sasa, haitikiwi. Atachoka, ataondoka.

Joto likapanda. Akajaribu mkono. Ukafika kidevuni! Bado kidogo tu.

"Hodi!"

Sauti ya asali. Loveness. Bi Rahabu akajikunja pembeni, kimya.

"Hodi humu! ... Hodi jamani!"

Kimya. Mlango wazi, mvuke ukapungua, Loveness akamwona alivyojikunja.

"Mwanamisi! Njoo! Mama yetu amezimia!"

Mtambo ukazimwa. Bi Rahabu akavutwa nje, akalazwa kwenye benchi, akapepewa kwa taulo kama jiko la mkaa.

"Niacheni! Sijazimia!"

"Sasa mbona hukuitika hodi?"

Mtu mzima gani wa milima hii atakiri kwamba alisikia hodi akanyamaza?

"Washa mtambo, Mwanamisi."

"Mpaka kesho, bibi. Jioni imeshaingia."

Loveness akamfunika mabega kwa upole. "Pole, mama. Mungu ana mipango yake. Kesho nitaongoza mimi, wewe utakaa mbele ututazame."

Bi Rahabu akainua mkono tena. Kidevuni. Na wimbo wao ulitaka mkono upite kichwa. Machozi ya hasira yakamjia, akayafuta kwa taulo, wakadhani jasho. Kisha akaitazama mikono ya Loveness, mirefu, mizima.

"Kesho utasimama ubavuni mwangu," akasema. "Utanishika kiwiko. Nikikukazia jicho, pandisha. Nikifumba, shusha."

"Ubavuni? Na mimi nitaimba sauti gani?"

"Mshika kiwiko haimbi, mwanangu. Akiimba anautikisa mkono."

Mwanamisi akageukia ukutani, mabega yakitikisika kwa kicheko. Loveness akasogea ubavuni, shingo upande.

"Shika, tujaribu. Taratibu, we! Na vidole vyako vya baridi hivyo!"