Fundi wa Bure

Hilal bin Sleyum hakuwa mchoyo, na hilo ndilo lililomponza. Angekuwa na uchoyo kidogo tu, uchoyo wa kawaida kama wangu na wako, Mbaraka angekuwa bado amekaa pale barazani Kilindoni, pasi ya kulehemu ikipata moto kwenye mkaa na redio za watu zimemzunguka.

Walikuwa mafundi redio wawili, na Mafia nzima haikuwa na wa tatu wa maana. Fundi hasa alikuwa Mbaraka. Alikuja kijana kutoka Kilwa pamoja na wavuvi wa dago, wale wanaopiga kambi kwenye pwani ya watu msimu wa samaki kisha wakahama. Akachoka na mishipi, akaenda Dar es Salaam kujifunza redio kwa Mhindi mmoja, akarudi kumuoa Mashavu na kufungua meza yake. Hilal alijifunza kwake. Alianza kwa kukaa tu barazani kutazama, mwisho akapewa bisibisi. Ila Hilal alikuwa na minazi Miburani aliyoachiwa na marehemu baba yake, na Mbaraka hakuwa na mnazi hata mmoja. Redio ikikosekana, Hilal alikula nazi zake. Mbaraka na wanawe walikula walichobakisha jana.

Mtu akimuuliza Hilal bei, alijibu, "Aa, utakachojaliwa." Ndivyo alivyolelewa. Kwao kumtajia jirani bei ilikuwa kama kumwambia sikujui. Mbaraka alitaja. Kuifungua na kuitazama ni kiasi hiki, kuitengeneza ni kiasi hiki, spea utanunua mwenyewe. Watu wakamwita mkavu wa macho, lakini redio zao walimpelekea yeye, maana zikitoka kwake zilisema.

Tena kulikuwa na jambo jingine lililomkaa Hilal rohoni. Zilikuwa siku za Ujamaa, na jina la baba yake lilikuwa na uzito mbaya. Sehemu ya shamba la Miburani ilikwisha kuwa ya kijiji, naye hakuililia. Alichokiogopa ni macho. Akipita kisimani alisikia "mabwanyenye" ikisemwa nyuma ya kanga, na usiku mzima neno hilo lilimchoma. Alitamani watu wamwite ndugu kwa dhati, si kwa sababu Katibu wa kata yupo anasikiliza.

Kisha ikaja kampeni ya masomo ya afya. Kila kijiji kilipewa redio, watu wakusanyike wasikilize, halafu wazungumze walichosikia. Katibu wa kata, Ndugu Shaabani, akatangaza kuwa anatafuta fundi wa mkataba wa kuzitunza redio hizo zote, za Kilindoni mpaka za visiwani, Juani na Bwejuu. Mafundi wafike mkutanoni, kila mmoja aseme bei yake.

Mbaraka akamfuata Hilal nyumbani.

"Tusiibiane," alisema. "Twende na bei moja. Kazi akipata yeyote, tutagawana visiwa. Shilingi kumi kila redio, spea mbali, nauli ya mashua mbali."

"Kumi si nyingi?"

"Hebu nisikilize. Siku ninayokwenda Juani siko Kilindoni, redio ya mtu wa Kilindoni inalala. Na siku isiyokuja redio hata moja, wanangu wanakula vilevile. Hiyo kumi ndiyo inayozibeba siku hizo. Ukiishusha, hushuki wewe, bwana. Nashuka mimi."

Hilal aliielewa hesabu hiyo, na aliiona ya haki. Wakapeana mikono. Mashavu, aliyekuwa ameandamana na mumewe, alicheka akasema yeye ndiye shahidi, atakayegeuka atamsuta hadharani.

Siku ya mkutano uwanja ulijaa. Mbaraka alisimama kwanza, akataja kumi yake na kuieleza kama alivyomweleza Hilal, bila kuona haya. Minong'ono ikapanda.

"Kumi!" mtu mmoja alipaza sauti. "Kwa kukaza skrubu?"

Watu wakaangua kicheko. Mbaraka akakaa, mikono magotini.

"Na wewe Ndugu Hilal?" Katibu aliuliza. "Wewe Mungu kakujaalia minazi. Utatufanyia ngapi?"

Kicheko cha pili kikawa kikubwa kuliko cha kwanza. Hilal alisimama masikio yakimwaka. Neno kumi alikuwa nalo mdomoni tayari. Akatazama zile nyuso, akawaona watu wa kisimani wote wakimngoja, na ulimi ukamkimbia.

"Mimi kazi ya taifa siitozi," alisema. "Nitatengeneza bure. Mnipe nauli tu."

Loo, makofi! Wanawake walipiga vigelegele, wazee wakamshika mkono hawamwachii, na mmoja akasema, "Huyu ndugu yetu kweli." Nami sitamsingizia: alifurahi. Kwa muda ule mfupi alifurahi kuliko siku ya harusi yake. Halafu akamwona Mbaraka, naye anapiga makofi pamoja na wenzake, kwa kuwa mtu asiyepiga makofi kwenye mkutano kama ule hujulikana.

Watu husema majuto ni mjukuu. Ya Hilal hayakungoja hata mtoto azaliwe. Alimkimbilia Mbaraka njiani, pumzi juu.

"Mbaraka, nisikilize. Kazi tutafanya sote. Sehemu yako nitakulipa mimi, mfukoni mwangu."

Mbaraka aliendelea kutembea. "Kwa hiyo nimekuwa mtumishi wako."

"Sikusema hivyo!"

"Walinicheka kwa kutaja bei, Hilal. Nimezoea, ningewavumilia. Ila wewe umesimama ukawaonyesha kwamba walifanya vyema kunicheka." Akaongeza mwendo. "Nenda nyumbani. Sina ugomvi nawe."

Heri angegombana.

Bure ni kama moto wa kichakani, hauishii pale ulipowashwa. Hata wenye redio zao wenyewe wakaanza kumuuliza Mbaraka mbona mwenzake hatozi. Wengine walimwachia redio, na akitaja bei wanaichukua bila neno na kuvuka barabara kwenda kwa Hilal. Hilal aliwarudisha wachache, wakadhani anajishusha, wakazidi kumpenda. Haukupita muda mrefu Mbaraka akauza meza na vyombo, akarudi kwenye kazi aliyoapa kuiacha. Alijiunga na dago la wavuvi Bwejuu, Mashavu na watoto akawaacha kwa wazazi wa mke.

Na hizo redio? Rahisi yavunja upishi. Hilal alizijua redio za maradhi mepesi, lakini chumvi ya visiwani hula nyaya za ndani, na dawa yake aliijua Mbaraka. Isitoshe nazi zilitaka kuanguliwa, na mtu hali bure. Redio zikarundikana ukumbini kwake. Kikundi cha Juani, kule jirani na magofu ya Kua, kilisikia somo la kuchimba choo, redio ikazima kabla ya somo la kukifunika.

Wala hakuna aliyemgombeza. Utamgombezaje mtu anayekufanyia hisani? Walikuja, wakazitazama redio zao vumbini, wakasema, "Pole na kazi, ndugu yetu," wakaondoka. Alitamani mmoja wao tu amtukane, amwambie kazi yako mbovu, lakini tusi hilo huwa la fundi anayelipwa.

Mama yake, Bi Nunu, ndiye aliyemwambia. Siku moja alikuwa akikuna nazi, Hilal akalalamika kwamba amechoka, anatoa sadaka na sadaka haimletei raha.

"Sadaka hutolewa katika mali yako, mwanangu," Bi Nunu alisema, wala hakuinua kichwa. "Wewe ulitoa ya Mbaraka."

Neno lile Hilal alilala nalo. Asubuhi yake alikwenda kwa Katibu ofisini, akaomba mlango ufungwe, akasema kazi imemshinda na bei ya haki ni ile kumi.

Ndugu Shaabani alivua miwani. "Ndugu Hilal, ungeisema siku ile! Fungu lilikuwapo. Uliposema bure nikalirudisha wilayani, nikasifiwa." Akapangusa miwani, mwenyewe naye kaona haya. "Lakini naweza kuliomba tena. Mlete Mbaraka."

Hilal alipanda mashua ya kwenda Bwejuu. Alimkuta Mbaraka kwenye kambi, kando ya vichanja vya samaki wanaokaushwa kwa moshi, akishona wavu. Vidole vilivyokuwa vikishika waya mwembamba kama unywele vilikuwa vimechanwa na mishipi. Mbaraka alimpokea vizuri, akamtengea kiti cha gogo, akauliza hali ya Bi Nunu. Hilal hakungoja hata maji, akalitoa lililomleta.

"Katibu amekubali, Mbaraka. Kumi, spea mbali, nauli mbali. Kazi ni yako, mimi nitakusaidia tu."

Mbaraka aliacha kushona. "Nani aliyeitaja?"

"Mimi."

"Mbele ya watu?"

"Ofisini. Mimi na Katibu."

Mbaraka alitikisa kichwa taratibu. "Shilingi kumi sizikatai. Nina watoto, na bahari hii siipendi, unajua. Lakini nikirudi na bei, na wewe kwa watu bado ni fundi wa bure, kila mlango nitakaobisha nitakuwa mwizi. Mdomo walioupigia makofi ni wako. Waambie wewe kwamba kazi hii ina bei. Siku nitakayosikia umelisema hilo mbele za watu, ndiyo siku nitakayofunga mzigo wangu."

"Nitasema," Hilal alisema, na machozi yalikuwa karibu. "Wallahi nitasema, hata leo."

"Basi."

Hapo wakaja wavuvi. Mbele yao alikuwa Mfaume, nahodha wa kambi, mtu wa miraba minne, amebeba redio iliyofungwa kwenye kanga.

"Ndiye huyu?" alisema. "Fundi wa Kilindoni? Bwana, sifa zako tumezisikia hadi kwetu Kilwa! Waungwana wamekwisha duniani, umebaki wewe. Mwenyezi Mungu akuzidishie." Wenzake wakaitikia amina. Akaiweka redio miguuni pa Hilal. "Hii imetuzimia, Mbaraka anasema vyombo vyake aliuza, na sisi huku ndiyo mwenzetu. Lakini sema mwenyewe, tukupe nini?"

Aliuliza kabisa. Mlango ulikuwa wazi, na wavuvi wote wamesimama duara wakisikiliza. Mbaraka alitua sindano ya kushonea wavu, akainua uso. Uso ule ulikuwa na tumaini, na hilo ndilo Hilal hakuweza kulisahau hata alipozeeka.

Alifungua mdomo. Zile nyuso zote zilikuwa zikimchekea kwa upendo.

"Nyinyi wageni wetu," alisikia sauti yake ikisema. "Niwatoze nini? Iacheni tu, niitazame."

Wavuvi wakashangilia, mmoja akampiga mgongoni. Mbaraka alisimama, akajipangusa mchanga. Hakuwa na hasira hata chembe.

"Kwenye kapu langu mna bisibisi ndogo," alimwambia Hilal. "Hiyo sikuiuza. Itakufaa kwa skrubu hizo."

Akateremka pwani kwenye chombo, akaanza kukumba maji yaliyoingia ndani.

"Mbaraka!" Hilal aliita. Hakugeuka. Pengine hakusikia, upepo ulikuwa ukitoka baharini. Hilal alipekua kapu, akaipata bisibisi, akainama juu ya redio na kuanza kufungua, na Mfaume akamwambia asogee upande huu, maana moshi wa samaki unamuumiza macho.