Mashine Iliyomzoea Baba

Kipaji alikuwa nacho, hilo hakuna wa kumnyima, ila na maringo nayo hayakuwa haba. Dada yake mkubwa, fundi cherehani aliyekuwa akiishi na baba yao, alimbandika jina la Injinia tangu wako shule, kwa utani tu, naye akalipokea kana kwamba ni cheo.

Shida ilikuwa baba. Tangu apooze upande mmoja, mzee alikuwa anasahau, na akisahau anatoka. Anashika njia kwenda kazini, kazi aliyostaafu zamani. Geti halikuweza kufungwa mchana kwa sababu ya wateja, na siku moja lilipofungwa mzee aliligonga kwa ule mkono wake mzima huku analia, mpaka dada akaapa hatalifunga tena. Na cherehani ikishaanza kuunguruma, dada hasikii kitu. Ilibidi kila mara aache kushona achungulie dirishani. Basi akamwomba mdogo wake jambo moja: awe anakuja Jumamosi kukaa na baba, ili yeye ashone kwa utulivu. Injinia akamwambia asijali, atamletea kitu bora kuliko hicho.

Na kweli akakileta. Kamera ndogo juu ya nguzo ya geti, waya mrefu mpaka chumba cha kushonea, na kengele. Ndani ya kamera kulikuwa na chipu ndogo kama ukucha, na hapo ndipo mkogo wake ulipokuwa. Alieleza hata asipoulizwa. Picha moja tu ya kamera, alisema, ni kubwa kuliko memori yote ya chipu ile. Haiingii ng'o. Sasa wewe dada ukiwa na kabati kubwa na mlango mwembamba unafanyaje? Si unalifungua, unaliingiza vipande vipande? Basi mashine yake iliisoma picha mstari kwa mstari, ikachanganya rangi za kila sehemu zikawa mraba mmoja, na mstari ukishasomwa unatupwa. Picha nzima ikabaki miraba michache, nayo ikalinganishwa na miraba ya uwanja ukiwa mtupu. Mraba ukibadilika, kengele inalia.

"Na vivuli vya nguo kwenye kamba?" dada aliuliza.

Swali hilo alikuwa analisubiri kwa hamu. Mashine, alisema, inajizoesha. Kitu kikibadilika polepole, kama jua linavyosogea, inakihesabu kuwa ni sehemu ya uwanja na kunyamaza. Akatoka nje, akaingia kwa hatua zake ndefu, kengele ikalia. Akarukaruka kama chura, ikalia. Paka wa jirani akapita, ikalia. Dada akacheka mpaka akashika mbavu, na baba pale kitini akajipiga paja akasema, huyu ndiye mwanangu. Injinia akanywa chai yake, akaaga. Jumamosi hakuja, wala iliyofuata. Mashine ipo, aje kufanya nini?

Wateja wakawa wanaingia na kengele inalia. Mzee naye kwa muda alikuwa ametulia, hajatoka, na sifa zote zikaenda kwa mashine. Dada akaacha kuchungulia dirishani.

Siku mambo yalipoharibika, Injinia alikuwa kazini anawaonyesha wakubwa wake mashine hiyohiyo, nao wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Simu ya dada ikaita, akaikata. Ikaita tena, akaizima kabisa, mtu mzima na akili zake. Alipokuja kuiwasha alikuta ujumbe wa sauti, dada analia: baba hayupo, na kengele haikulia.

Alifika nyumbani roho mkononi. Bahati yake, mzee alikuwa amesharudishwa. Mchomelea vyuma wa barabara kuu alimkuta ameketi kando ya lami, malori yanampita karibu na magoti, suruali imelowa, na watu wamesimama wanamtazama, wengine wanacheka. Dada alikuwa ameshamwogesha na kumbadilisha nguo. Mzee alikaa kwenye kiti chake uwanjani, na mwanawe alipompa shikamoo aliitikia bila kuinua macho.

Injinia hakuweza kumtazama dada yake usoni. Akakimbilia anakokujua: akachomeka kompyuta kwenye waya, miraba ikatokea kwenye kioo. Dada akapita na ndoo, miraba ikawaka kumfuata, mmoja baada ya mwingine. Mashine ilikuwa haina ugonjwa. Kisha baba akainuka kwenda bombani. Akaegemea fimbo, akauvuta ule mguu, akapumzika, akauvuta tena. Injinia akakodolea macho kioo. Hakuna hata mraba mmoja uliowaka. Mzee alivuka uwanja wote mbele ya kamera, na mashine ikamzoea hatua kwa hatua mpaka akafika.

Uso ukamwaka moto. Aliijaribu kwa miguu yake mwenyewe, akaijaribu kwa paka wa watu. Yule ambaye mashine ilitengenezwa kwa ajili yake hakuambiwa hata ajaribu kutembea kidogo, kwa sababu kumsubiri kungechukua muda.

"Imekuwaje?" dada aliuliza nyuma yake.

Ulimi ukatangulia akili. "Waya huu. Naona umelegea."

"Umelegea? Nani kaugusa?"

Sauti ya baba ikatoka bombani, ndogo. "Labda ni mimi. Mguu huu hauinuki, huenda nimejikwaa hapo. Samahani, mwanangu. Nimekuharibia mashine yako."

Dada akamgeukia, uchovu wa siku nzima umemfika kooni. "Baba, si nilikwambia usipite upande wa waya? Nilikwambia au sikukwambia?"

"Uliniambia, mama."

Mzee akainamisha kichwa kama mtoto aliyekaripiwa. Injinia aliyaona hayo yote na kwa kitambo, Mungu amsamehe, akanyamaza. Alijua akiendelea kunyamaza mambo yataishia hapo, maana kesho baba mwenyewe atakuwa anaamini kabisa kwamba aliukwaa ule waya.

"Usimgombeze, dada," alisema mwisho, na maneno yalimtoka kwa shida. "Waya haujalegea. Hajagusa kitu. Mashine inafanya vilevile nilivyoitengeneza."

"Sasa mbona haikumwona?"

"Anakwenda polepole. Mimi nilipima mwendo wangu. Wake siujui. Tangu augue sijatembea naye, hata kutoka hapa mpaka getini."

Dada hakumfokea. Afadhali angemfokea. Alimtazama, kisha akakaa kwenye ngazi ya mlangoni na kujifunika uso kwa viganja. Injinia alibaki amesimama na kompyuta mikononi, hajui aitue wapi.

Baba alikuwa anarudi kutoka bombani, mguu unakwaruza saruji. Walimsubiri. Alipomfikia binti yake alisimama kuvuta pumzi, akamwekea mkono begani.

"Usimseme mdogo wako," akasema. "Ana kazi nyingi huyu."