Mkono Uliobaki Kwenye Mwavuli

Katika kila picha Muturi ameshika mwavuli, na chini ya kila mwavuli yupo mke wangu.

Ni yeye, Nangila, aliyenipa bahasha niipeleke saiba, duka la kompyuta hapa Donholm, picha hizi za zamani ziskaniwe na kuchapwa upya. Chama chao cha maua kinatimiza miaka thelathini, na Jumapili zitatundikwa ukumbini kanisani. Kutumwa ni kazi yangu. Miguu iliyozoea kuzurura haikai kitako.

Lorraine wa saiba alilaza picha kifudifudi, mwanga ukapita chini yake, na mke wangu akatokea kwenye kioo cha kompyuta. Yuko Limuru, katikati ya mashamba ya chai, viatu vimejaa tope, anacheka. Nyingine ni ya maonyesho ya maua: amekumbatia mawaridi yaliyoshinda. Kando yake Muturi, katibu wao, mwavuli ameuinamishia upande wa Nangila, bega lake mwenyewe linalowa.

Bega hilo ndilo lililonichoma.

Miaka hiyo nilikuwa Magadi, kisha Taveta, kisha kwingine nisikokukumbuka vizuri. Nyumbani nilituma salamu. Wivu nilidhani ni maradhi ya vijana, kama chunusi. Kumbe unaweza kumngoja mtu hadi meno yamwishe.

“Huyu mtoe,” nikasema.

“Huyu msee amekukosea nini, guka?” Lorraine akauliza; vijana wa hapa huniita guka, yaani babu.

“Mtoe. Mahali pake niweke mimi.”

Alicheka, akanipiga picha kwa simu nikiwa nimesimama mlangoni, kisha akainamia mashine. Aliponiita, nilikuwa Limuru, na mvi zangu zote, kando ya mwanamke ambaye angeweza kuwa binti yangu. Vidole vya Muturi bado vilikuwa vimeshika mwavuli.

“Mkono nimeuacha,” Lorraine akasema. “Nikiutoa, mwavuli hauna mwenyewe.”

Nilizilipia zote, nikaenda nyumbani nikijiambia kwamba macho ya Nangila yamefifia.

Alivaa miwani. Akaitazama ile ya Limuru kwa muda, akaisogeza dirishani, akaitazama tena.

“Baba Wakoli, siku hii tulinyeshewa hadi mifupani. Mbona wewe peke yako ni mkavu?”

Nilitamani anitukane, matusi yangenipa pa kushikilia. Yeye alikuwa akiuma mdomo, na mabega yalimtikisika kwa kicheko alichokizuia.

Ndipo nikamuuliza lile nililotoka nalo saiba.

“Mama Wakoli, ulimpenda?”

Kicheko kikakatika. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa leso.

“Alikuja,” akasema. “Tukisema Jumamosi, Jumamosi alikuja.”

Akanirudishia ile picha, hakuikunja wala kuichana. Kisha akaanza kupanga zilizobaki mezani, moja baada ya nyingine, akitaja njia walizopita, kwa sauti ya chini, kama mtu aliye peke yake. Alipofika katikati, alisogeza kiti chake kando kidogo, pakabaki nafasi ya mtu mmoja ubavuni pake. Labda alitaka mwanga. Nilibaki nimesimama, nikiitazama ile nafasi.