Walioandikiwa Asante

Jumamosi asubuhi Fundi alikuwa anapiga pasi suruali ya kazini juu ya meza ya kulia, blanketi limekunjwa chini yake, alipomwona muuza viatu wa pale kona amekaa kwenye kochi. Mlango haukulia. Mtu yule alikaa ukingoni mwa kochi, magoti pamoja, simu kiganjani, kama wanavyokaa watu wanaongoja kuitwa majina.

"Karibu," Fundi alisema.

"Nimeshakaribia," alijibu muuza viatu. "Nasubiri."

Fundi akamalizia mguu wa pili wa suruali. Mkewe akaingia na mfuko wa nyanya, akasimama kizingitini.

"Huyu nimemwacha dukani kwake sasa hivi," alisema. "Nimebishana naye bei ya ndala, anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana. Amenipita wapi?"

Wakamtazama vizuri. Mto wa kochi haukubonyea chini yake. Mke wa Fundi ni mtu asiyependa kupoteza muda, akaelewa kabla ya mumewe. Muuza viatu mwenyewe alikuwa dukani. Huyu alikuwa ni kusubiri kwake tu, kumekuja peke yake.

"Unakunywa chai?" alimuuliza.

"Sinywi."

"Afadhali," alisema, akapeleka nyanya jikoni.

Fundi akainama kuangalia ile simu. Kwenye kioo kulikuwa na alama ya tiki ya kijani, na chini yake maneno: *Asante. Ombi lako limepokelewa. Tutakupigia.* Aliijua ile tiki kama mtu anavyoujua mwandiko wa mwanawe. Aliiweka yeye.

Ofisi yao ndiyo iliyoutengeneza ukurasa wa mtandaoni wa hospitali, ule ambao wagonjwa wa figo huutumia kuomba siku ya kusafishwa damu. Zamani walikuwa wanapanga foleni alfajiri, wengine wamebebwa. Siku hizi mtu anabonyeza kitufe akiwa kitandani kwake, anaandikiwa asante, anangoja kupigiwa simu. Muuza viatu figo zake zilikuwa zimemchoka tangu mwaka uliopita.

Hadi Jumapili jioni kochi lilikuwa limejaa, na waliokosa nafasi walikuwa wamekaa kwenye viti vya kulia chakula. Hawakula wala hawakugombana. Waligusa simu zao kila kioo kilipotaka kuzima. Simu ya mtu yeyote ikilia, hata ya jirani nyuma ya ukuta, wote waliinua vichwa kwa pamoja, kisha wote wakaviinamisha. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya juu alikuwa miongoni mwao, na kofia yake. Mke wa Fundi alifagia akiwaomba wainue miguu, nao wakainua.

"Hawa wako wametulia," alimwambia mumewe. "Ila niambie, wanasubiri nini kwetu?"

"Ni mambo ya kazini," Fundi alisema.

Kazini kwao kulikuwa na mchezo mmoja. Chini ya kila ukurasa, kivinjari kina kidirisha ambacho watu wa kawaida hawakioni, na humo kinamlalamikia fundi: hiki kimegoma, kile hakikujibiwa. Kinalalamika kwa maandishi mekundu. Kila Ijumaa mwenye ofisi, waliyemwita Mkubwa, alipita nyuma ya viti vyao na kikombe mkononi, na atakayekutwa na wekundu kwenye kioo chake huwanunulia wenzake wote chai. Mchezo ulianzishwa ili watu warekebishe makosa. Lakini kosa hurekebishwa kwa siku nzima, na kuliziba mdomo ni mstari mmoja tu wa maandishi. Ofisi nzima ikajifunza kuziba midomo.

Fundi aliwashinda wote. Hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho aliponunua chai. Tena aliongeza ujuzi wake mwenyewe: kwa kuwa kungojea jibu la seva, ile kompyuta ya hospitali inayopokea maombi, kunaufanya ukurasa uonekane mzito, aliipanga ile asante itokee pale pale kitufe kinapobonyezwa, kabla ombi halijaenda popote. Mkubwa alimsifu mbele ya watu.

Jumatatu aliwahi kazini, akaufungua ukurasa ule, akajaza, akabonyeza. Ombi likaenda, likafika.

"Kwangu inafanya kazi," alisema kwa sauti, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Kwenye kiti cha jirani alikaa Mchoraji, mama mmoja aliyechagua rangi zote za kurasa zao, na ile kijani pia. "Kila fundi aliyewahi kuniharibia wiki alianza na maneno hayo hayo," alisema. "Una nini?"

"Nina watu kwenye kochi."

"Wamejaa?"

"Mpaka viti vya kulia."

Mchoraji akatikisa kichwa taratibu. "Kivinjari chako kinatunza kurasa za zamani ili kisihangaike kuzileta upya. Labda unaangalia ya mwaka jana. Futa kwanza hiyo akiba, halafu ndiyo utuambie inafanya kazi."

Akaifuta. Akaufungua ukurasa upya, akajaza, akabonyeza. Tiki ya kijani ikatokea, nzuri, na asante yake. Upande wa hospitali hakikufika kitu. Akajaribu kivinjari kingine, ikawa vile vile. Akajaribu kwa simu yake: asante, na hakuna kitu. Akakifungua kile kidirisha cha chini. Kilikuwa cheupe kama sahani iliyolambwa, maana alikilamba yeye. Basi akauondoa ule mstari wa kuziba mdomo, akabonyeza tena, na wekundu ukamwagika mpaka chini.

Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa. Baada ya mwaka mpya waliuhamishia ukurasa kwenye anwani mpya. Kivinjari kina tabia za mlinzi wa geti: ukurasa wa anwani moja ukitaka kupeleka kitu kwenye seva ya anwani nyingine, kinauliza kwanza kule ndani kama anayekuja anajulikana. Seva ya hospitali iliijua anwani ya zamani tu. Kila ombi lililotumwa tangu wahame lilirudishwa getini, na kila aliyerudishwa aliandikiwa asante.

Mchoraji aliusoma wekundu wote kwa utulivu. "Ijumaa utatununulia chai," alisema. Kisha akauliza: "Shangazi yako si anasafishwa damu pale pale?"

Hilo ndilo alilokuwa analizunguka tangu Jumamosi.

Akaenda kwa Mkubwa, akamweleza akiwa amesimama.

"Dawa yake?" Mkubwa aliuliza.

"Hospitali waiandike anwani yetu mpya kwenye seva yao. Mstari mmoja."

"Na watauliza ni tangu lini."

"Lazima watauliza."

Mkubwa akakizungusha kikombe chake mezani. "Mwisho wa mwezi tunasaini mkataba mpya nao. Tukishasaini, tutawaambia tunaboresha huduma, waongeze huo mstari. Nani atajua?"

"Mkubwa, wale ni watu wa kusafishwa damu. Wako kwangu, wamekaa."

Mkubwa aliitikia kama mtu aliyeambiwa kuwa nje kuna manyunyu. "Na mimi walikuja, mwaka ule wa ukurasa wa pensheni. Wengine bado ninao. Hawana maneno. Nunua viti vya plastiki, ndugu yangu, vile vinavyopangwa kimoja juu ya kingine. Vya mbao vitakujazia nyumba."

Fundi akarudi kwenye kiti chake. Kulikuwa na jambo moja aliloweza kulifanya bila hospitali wala Mkubwa: kuyabadilisha maneno. Akaandika: *Ombi lako halijafika. Tafadhali piga simu hospitali.* Akayapa rangi nyekundu. Akayasoma. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza tu, yaende. Akafikiria kodi ya nyumba, akafikiria ada ya shule ya wanawe, akafikiria Mkubwa akipita Ijumaa nyuma ya kiti chake. Akayafuta herufi moja moja, kana kwamba ukifuta polepole hatia inapungua. Kisha akaurudisha ule mstari wa kuziba mdomo, na kidirisha kikawa cheupe.

Aliporudi nyumbani alimkuta shangazi yake kwenye kigoda cha dirishani.

Huyu ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki, na ndiye aliyemfundisha kupiga pasi juu ya blanketi. Miguu ilikuwa imevimba, imefurika juu ya kandambili. Kigoda hakikulia chini yake, na ni kigoda kinacholia hata akikikalia paka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Nasubiri."

Hakuvua viatu. Aligeuka pale pale akaenda kwa shangazi mwenyewe, mtaa wa pili. Alimkuta sebuleni, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasikiliza redio.

"Ehee, mwenye mtandao wake!" shangazi alisema. "Njoo ukae. Usiiangalie hii miguu, imenenepa kwa ajili ya kukuona wewe. Mwili mwingine wote umekataa."

"Shangazi, mara ya mwisho ulisafishwa lini?"

"Wacha haraka. Nimeshaomba, imeniandikia asante. Watapiga." Akamwonyesha simu, tiki ya kijani inang'aa. "Ningekuwa na wasiwasi ingekuwa kazi ya mtu mwingine. Wenzangu wa foleni wote nimewaambia, acheni kwenda kubanana kule, bonyezeni hapa, ameitengeneza mwanangu. Hata yule mwalimu wa ghorofani kwenu alikuwa hataki. Nikamshika kidole nikambonyezea."

Fundi alisema anatoka kidogo kupokea simu. Kwenye ngazi akaipigia hospitali, akapokea dada wa mapokezi ya kitengo cha figo.

"Dada, ni Fundi wa ule ukurasa wa maombi. Nina shangazi yangu anahitaji mashine. Hali si nzuri."

"Mlete hata kesho asubuhi, kaka. Mashine zipo wazi. Siku hizi hatupati maombi kabisa. Daktari anatania kwamba watu wamepona." Akamwomba jina na namba ya shangazi, akapekua orodha. "Aliomba kwenye mtandao?"

"Aliomba."

"Mbona simwoni? Kuna tatizo kwenye ukurasa wenu?"

Swali lilikuwa jepesi, limeulizwa kwa upole, na yule dada alikuwa na kalamu mkononi. Fundi aliisikia inabofyabofya.

"Hapana," alisema. "Mtu mzima yule. Alikosea kubonyeza."

"Ah, wazee wetu," dada alisema, akacheka. "Basi namwandika mwenyewe. Nampigia sasa hivi."

Aliporudi nyumbani, kigoda cha dirishani kilikuwa kitupu. Mkewe alisema shangazi aliinuka mwenyewe, akajifunga mtandio vizuri, akaaga kila mtu aliyekuwepo kwa kumpa mkono, akatoka. Waliobaki walimtazama mpaka mlango ukafungwa. Kisha wakaziangalia simu zao.

"Kwa hiyo wanaweza kuondoka," mkewe alisema.

"Wanaweza."

"Ukifanya nini?"

"Ukipiga simu."

Mkewe alingoja amalizie. Fundi akainama kuvua viatu. Mkewe akachukua ufagio.

Ijumaa Mkubwa alipita nyuma ya viti na kikombe chake. Hakukuta wekundu popote, akafurahi, akawanunulia chai yeye mwenyewe. Mchoraji alikinywa kikombe chake akiwa ameutazama ukuta.

Wiki iliyofuata mwalimu mstaafu akazikwa. Mke wa Fundi alienda mazikoni, na Fundi alienda, akashika jembe na wenzake, akafukia. Waliporudi, mwalimu alikuwa bado kwenye kiti chake pembeni ya kabati, kofia gotini, tiki ya kijani kwenye kioo. Mke wa Fundi alivua viatu vyenye udongo, akamtazama kwa muda.

"Mwalimu, tumetoka kwako," alimwambia.

"Asanteni kwa kufika," alisema mwalimu. "Mimi nasubiri."

Akawasogezea miguu wapite.

Mwisho wa mwezi mkataba ulisainiwa, na Mkubwa akasema tusiwaharakishe wenzetu wa hospitali, tuwaache wapumue kwanza. Fundi alinunua viti vya plastiki. Vilikuwa vyepesi, vilipangika, lakini havikuwahi kupata nafasi ya kupangwa. Watu waliongezeka, na wengine, waliobonyeza mara ya pili, walianza kuwa wawili wawili. Muuza viatu alikaa kwenye kochi ubavuni mwa muuza viatu mwingine aliyefanana naye kila kitu, ila huyu wa pili alikuwa amekonda na macho yamejaa maji. Waligawana mto.

Jioni moja Fundi alikuwa anapiga pasi simu yake ikalia mezani. Vichwa vyote chumbani viliinuka, cha mwalimu pia.

Alikuwa shangazi. Sauti yake ilikuwa na nguvu, na alikuwa anatembea, visigino vilisikika.

"Baba, nilikuwa sijakuomba radhi," alisema. "Yule binti aliniambia, eti nilikosea kubonyeza. Nimekuaibisha na kazi yako. Lakini usijali, nimewapitia wenzangu wote ambao hawajapigiwa. Nimewaambia tatizo si mtandao, tatizo ni vidole vyetu. Nimewaambia wabonyeze tena, na safari hii wakandamize."

Fundi alishika pasi hewani. Chumba kizima kilikuwa kinamwangalia.

"Umefanya vizuri, shangazi," alisema.

Akakata simu. "Ni shangazi tu," aliwaambia, na wote wakainamisha vichwa. Kisha akalinyoosha blanketi, akageuza suruali upande wa pili, na mlangoni, bila mlango kulia, wakaanza kuingia wengine.